Ncha ya Almasi Juu ya Ave Africa

Ncha ya sindano ya gramafoni, ile inayogusa santuri, huchongwa kwa almasi, na haichongwi hivyo kwa ajili ya urembo. Plastiki ya santuri ni laini ukiishika, lakini ikipita chini ya sindano saa baada ya saa hula chuma, hula hata yakuti. Almasi hudumu saa 1,000 au karibu na hapo kabla haijaanza kuiharibu sahani. Wazee waliokuwa na gramafoni za kuzungusha kwa mkono wanakumbuka vikopo vya sindano za chuma: upande mmoja ukiisha, sindano inatupwa, inawekwa mpya.

Naandika haya nikiwa Shinyanga, na hapa almasi ni jambo la nyumbani. Mwaka 1940 Mkanada John Williamson aliukuta mwamba wake Mwadui, jirani na mji huu. Mwaka 1947 mwamba huo ukatoa jiwe la rangi ya waridi la karati 54.5, lilipochongwa likabaki karati 23.6, likawekwa kwenye bruchi ya Elizabeth, malkia wa Uingereza. Jiwe lile limeandikwa sana. Almasi ya sindano haiandikwi na mtu. Nyingi zake siku hizi zinatoka kiwandani, hazina asili ya kusimulia, na hata ukiiweka kiganjani huioni vizuri. Lakini ni kwa ncha ya namna hiyo nimekuwa nikiisoma, mzunguko kwa mzunguko, albamu moja ya vijana wa Dar es Salaam wa miaka ya 1970, na ufundi uliomo ndani yake umenifanya nitake kuueleza bila haraka.

Albamu ni Ave Africa. Bendi ni Sunburst.

Sunburst ilianza Dar es Salaam mwaka 1970. James Mpungo aliimba. Gitaa lilikuwa mikononi mwa Hembi Flory Kongo, aliyetoka Zaire; Kassim Magati alikaa kwenye kinanda, Bashir Idi Farhan akashika besi, Johnny Rocks akapiga dramu. Mwaka 1973 walirekodi Radio Tanzania, wakatoa santuri ndogo Kenya, na mwaka 1976 wakatoa nchini Zambia santuri kubwa moja, ya kwanza na ya mwisho. Ndani yake mna nyimbo za Kiswahili na za Kiingereza, mna “Banchikicha”, mna “Enzi za Utumwani”, mna “Black Is Beautiful”. Mapigo yao waliyaita Kitoto. Kwa miaka mingi nakala za albamu hiyo zilibaki kwa wachache waliobahatika nazo, mpaka mwaka 2016 kampuni ya Strut ilipokusanya rekodi zote za bendi, za kuanzia 1973 hadi 1976, ikazitoa upya kwenye santuri. Nakala niliyo nayo ni ya toleo hilo.

Muziki wao ni roki ya kuchezwa. Sioni namna nyingine ya kuuita. Gitaa linakwaruza kama la vijana wa London wa wakati ule, kinanda kinatanda nyuma, lakini chini yake kuna mapigo ambayo mtu aliyekulia kwenye ngoma hawezi kukaa nayo kimya. Roki ya Ulaya ya miaka ile ilianza kupenda wasikilizaji walioketi. Sunburst walikuwa na kazi ya ukumbini, mbele ya watu waliolipa kiingilio ili wacheze, na watu hao hawadanganyiki.

Inafaa kukumbuka bendi hii ilizaliwa katika hali gani. Mwishoni mwa mwaka 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam. Kampeni ya Operesheni Vijana ilikuwa imekwisha kupita na kuwavua vijana sketi fupi, mawigi na suruali za kubana. Kijana aliyependa magitaa ya umeme na vinanda alibaki na swali gumu: nitapigaje muziki huu uwe wangu? Wengi walijibu kwa maneno, wakaweka mashairi ya Kiswahili juu ya midundo ya watu. Sunburst walijibu kwa kazi, na jibu lao linasikika kwenye ngoma na besi kabla halijasikika kwenye maneno. Kwa maoni yangu hapo ndipo walipowazidi wengi wa rika lao.

Jambo la bendi kuwa na jina la mapigo yake wenyewe halikuanza nao. Kila bendi ya dansi ya Tanzania ilikuwa na mtindo, na mtindo ulikuwa na jina lililotangazwa jukwaani na kuandikwa kwenye mabango. NUTA Jazz walikuwa na Msondo, Atomic Jazz ya Tanga walikuwa na Kiweke, Afro 70 ya Patrick Balisidya walikuwa na Afrosa, Tabora Jazz wakatamba na Segere Matata. Western Jazz walikuwa na Saboso, na hao ni wa kwetu kwa namna fulani: aliyeianzisha bendi hiyo Dar es Salaam mwaka 1944, Iddi Nhende, alitoka Nzega, mwendo mfupi tu kusini mwa hapa, na jina lenyewe lilikuwa la mkoa wa magharibi uliowalea. Mtindo usio na jina haukuwa na mashabiki, na mashabiki wa mtindo mmoja waliwajua wa mtindo mwingine kama watu wa timu za mpira wanavyojuana.

Msukuma anaielewa hali hiyo bila kufundishwa. Baada ya mavuno, kuanzia mwezi wa sita, makundi yetu ya ngoma, Bagika na Bagalu, hukutana uwanjani. Kila upande una ngoma zake, dawa zake, na ningi wake, yule mtunzi na kiongozi anayebeba heshima ya kundi zima. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, na mshindi hajulikani kwa alama za waamuzi. Anajulikana kwa miguu ya watazamaji: umati unaanza kuhama, polepole, kutoka upande mmoja kwenda mwingine, na ningi anayeachwa anaona kwa macho yake. Nimeshuhudia mashindano hayo tangu utotoni na ninaamini hakuna shule kali kuliko hiyo ya kumfundisha mpiga ngoma kwamba kila pigo lina kazi. Mbwembwe zisizo na kazi zinawachosha watu, nao wanaondoka. Nikiisikiliza Ave Africa nasikia wanamuziki waliopita katika ukali wa namna hiyo, ingawa wao walipita kwenye kumbi za Dar es Salaam.

Sasa niingie kwenye santuri yenyewe, kwa kuwa ufundi wa albamu hii haukuishia studio.

Santuri huanza na sahani ya alumini iliyopakwa laka laini. Mkataji huiweka kwenye mashine inayozunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, kisha hushusha kisu cha yakuti kilichopashwa moto. Muziki unaotoka kwenye utepe hukitetemesha kisu, na kisu huchonga mtetemo huo kwenye laka. Kinachobaki ni mfuo. Ukiitazama sahani utadhani ina mamia ya mifuo iliyozungukana. Ukweli ni kwamba kila upande una mfuo mmoja tu, unaoanzia ukingoni na kujizungusha hadi karibu na karatasi ya katikati. Nimepiga hesabu: upande wa dakika 20 huzunguka karibu mara 667, na mfuo wake ukinyooshwa unapita mita 400. Wachimbaji wa dhahabu wa Nyarugusu na Rwamagasa, wanaoshuka kwenye maduara kwa kamba na kujua kila mita inagharimu nini, watanielewa nikisema mita 400 zilizochimbwa bila kukosea hata mara moja ni kazi ya kuheshimiwa.

Na mkataji kweli hana nafasi ya kukosea. Kisu kikiruka, au mzunguko mmoja ukiuingilia wa jirani yake, sahani nzima inatupwa na kazi inaanza upya. Mbele yake ana nafasi yenye mipaka, na kila sauti inadai sehemu yake. Mlaji mkubwa ni besi. Sauti nzito hukipeleka kisu mbali kushoto na kulia, kwa hiyo mfuo wake hutaka ukanda mpana. Besi ingeachwa ilivyo, upande mmoja wa albamu ya dansi ungeishiwa nafasi kabla ya nusu ya muziki. Kwa sababu hiyo, kabla ya kuchonga, sauti nzito hupunguzwa kwa kipimo maalumu na sauti nyembamba huongezwa. Halafu gramafoni inapopiga, amplifaya hufanya kinyume chake, hurudisha besi mahali pake na kuzipunguza zile nyembamba pamoja na mchakacho wa vumbi. Kipimo hicho kilikubaliwa na viwanda vya Marekani mwaka 1954, kikaenea duniani. Mtu akichomeka gramafoni kwenye tundu la kaseti la amplifaya, akapata sauti dhaifu yenye kelele za juu bila besi, asiilaumu bendi. Muziki umemfikia kabla haujarudishiwa besi yake.

Nguvu ya sauti nayo ina bei. Wimbo unaochongwa kwa sauti kubwa hula nafasi, na upande unakuwa mfupi. Wimbo unaochongwa kwa sauti ndogo unaingia mwingi, lakini unafunikwa na mchakacho. Mkataji hupima kati ya mambo hayo mawili dakika kwa dakika, wimbo kwa wimbo, akijua mahali ambapo ngoma zitapiga kwa kishindo na mahali ambapo mwimbaji atabaki na gitaa peke yake, ili aipanue mifuo kabla ya kishindo na kuibana tena baadaye. Ukiielekeza sahani kwenye mwanga wa dirisha utaziona sehemu hizo kwa macho: penye muziki mkubwa mifuo imeachana, penye utulivu imesongamana na kuwa nyeusi zaidi.

Kisha kuna suala la mwendo, ambalo watu wengi hawalifikirii. Sahani inazunguka kwa kasi ile ile, lakini mzunguko wa ukingoni ni mrefu kuliko wa katikati. Ukingoni mfuo hupita chini ya sindano kwa takriban sentimita 50 kwa sekunde; karibu na karatasi ya katikati hupita kwa sentimita 21 tu. Muziki ule ule unabanwa katika nafasi isiyofika nusu. Matoazi yanapoteza makali, herufi za “s” za mwimbaji zinaanza kupwaya. Ndiyo maana mpangaji mzuri wa albamu huziweka nyimbo zenye kishindo na matoazi mwanzoni mwa kila upande, na zile tulivu huzisogeza ndani. Anayesikiliza albamu kwenye simu, nyimbo zikichanganywa ovyo, anaupata muziki lakini anaukosa mpangilio huo, ambao nao ulipigwa kwa akili kama gitaa lilivyopigwa.

Laka ikishachongwa hupuliziwa fedha, madini yenyewe, ili ipitishe umeme. Kisha huzamishwa kwenye maji ya nikeli na kuvishwa ngozi ya chuma kwa umeme. Ngozi hiyo ikibanduliwa ina matuta mahali palipokuwa na mifuo. Mafundi wa kazi hii huiita baba. Kutoka kwa baba huoteshwa mama, mwenye mifuo kama ya mwanzo, na kutoka kwa mama huoteshwa mihuri ya kukandamizia. Donge la plastiki moto huwekwa katikati ya mihuri miwili, mashine hufunga, mvuke huingia, halafu maji baridi, na katika nusu dakika hivi santuri imezaliwa, kingo zake bado hazijanyooka, zikisubiri kukatwa. Muhuri mmoja hutoa sahani elfu moja au zaidi kidogo, kisha huchoka.

Tanzania haikuwa na kiwanda cha kukandamiza santuri. Bendi zetu zilitegemea Nairobi. Nyimbo nyingi za dansi zilitoka kwenye santuri ndogo, zile za mizunguko 45, ambazo upande mmoja hubeba dakika nne au tano. Wimbo wa dansi ulikuwa mrefu kuliko hapo: kwanza mashairi yanaimbwa kwa utaratibu na hadithi inasimuliwa, kisha muziki unageuka, magitaa yanakaza, na chemko linaanza. Basi ukakatwa sehemu ya kwanza na sehemu ya pili, na msikilizaji akageuza sahani katikati ya habari. Watunzi wakajifunza kuishi na kisu hicho. Hadithi ilifikishwa mahali pa kumfanya mtu ainuke kitini ageuze, na upande wa pili ukaachiwa miguu. Ninauheshimu ufundi huo sana; ulizaliwa na ufinyu wa nafasi na ukageuka kuwa umbo.

Sunburst walipopata santuri kubwa walipata dakika za kutosha kila upande, na hapa ndipo uamuzi wao unanivutia zaidi. Bendi nyingi za roki za wakati ule zikipewa nafasi hiyo ziliijaza: solo ndefu ya gitaa, solo ndefu ya dramu, kinanda kikijisifu. Ave Africa haijajazwa. Kongo, mpiga gitaa, alitoka nchi ambako magitaa mawili au matatu husukwa pamoja, kila moja likicheza kifungu kifupi na kunyamaza pale ambapo jingine linasema, na adabu hiyo hakuiacha hata alipoliwasha gitaa lake likakwaruza. Anaingia, anasema neno lake, anatoka. Magati naye anaujua upana wa kinanda chake, na kwa kuwa anaujua haumimini wote.

Kuisikia kazi hiyo kunataka utaratibu. Nawashauri vijana wanaokuja kusikiliza kwangu wasianze na mwimbaji. Waanze na besi ya Farhan, wimbo mzima, wasisikilize kingine. Besi ya dansi na besi ya roki zina tabia tofauti: ya roki hupenda kukaa chini ya gitaa na kulikazia, ya dansi hutembea na kuacha mapengo ambayo mchezaji anayajaza kwa mwili. Farhan anafanya yote mawili na haoneshi mshono. Ukishaishika besi, rudisha sindano mwanzo, sikiliza ngoma. Johnny Rocks anapiga dramu za kizungu, lakini dramu zake haziko peke yake, zina wenzake wa mikono, na kazi ya kusifiwa ni jinsi pigo la mguu linavyoachia nafasi pigo la kiganja. Aliyewahi kulima kwa bugobogobo, majembe yakipanda na kushuka kwa ngoma, anajua kwamba mpiga ngoma hapigi juu ya jembe. Hupiga pembeni yake, ili jembe lenyewe liwe ala. Mara ya tatu ndipo mtu ahamie kwenye gitaa na kinanda. Mpungo aachwe mwisho, na ndipo utasikia kwamba sauti yake imewekwa juu ya jengo ambalo kila tofali lake umekwisha kulishika.

Nakiri napendelea upande wa Kiswahili wa albamu hii. Wimbo kama “Enzi za Utumwani” una uzito ambao nyimbo zao za Kiingereza haziufikii, na nadhani sababu ni rahisi: mwimbaji anapojua kila mtu ukumbini anamwelewa, hana haja ya kupaza sauti.

Nimesema albamu ilitoka Zambia, na jambo hilo lina maana yake kwa watu wa ukanda huu. Zambia ya mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilikuwa na mishahara ya shaba. Miji ya Mkanda wa Shaba, Kitwe na jirani zake, ilikuwa na vijana wenye pesa mfukoni, kumbi, maduka ya muziki, na rais, Kenneth Kaunda, aliyetaka redio ipige muziki wa nyumbani. Hapo ndipo ulipokua ule muziki ambao leo dunia inauita Zamrock. Bendi ya WITCH ilitoka Kitwe. Mwimbaji wake, Emmanuel Chanda, aliyebandikwa jina la Jagari kwa kufananishwa na Mick Jagger, aliacha jukwaa baada ya miaka ya kelele na umaarufu, akaja kuwa mchimbaji wa vito. Miaka mingi alishinda na sururu akitafuta mawe, na alipokuwa mzee dunia ikamkumbuka. Mwaka 2023 WITCH wakatoa albamu mpya, Zango, yeye akiwa mbele ya kipaza sauti. Sijui mtu ambaye habari zake zingesikilizwa kwa makini zaidi Geita au Kahama. Hapa kila mtaa una mtu aliyeacha kazi nyingine akaenda kuchimba, na wapo wanaoamini akishaenda hana tena sanaa ndani yake.

Reli ya Uhuru, yaani TAZARA, ilikabidhiwa rasmi Julai 1976, mwaka ule ule wa Ave Africa. Shaba ikawa na njia ya kuja Dar es Salaam, na bendi ya Dar es Salaam ikawa imepata santuri yake kwenye nchi ya shaba. Mlango haukukaa wazi muda mrefu. Bei ya shaba ilikuwa imekwisha kuanguka na Zambia ikaanza kukaza mkanda. Februari 1977 mpaka wetu na Kenya ukafungwa, ukabaki umefungwa hadi 1983, na kiwanda cha Nairobi kikawa ng'ambo. Kanda za kaseti zikachukua nafasi. Nazipenda kaseti, zimenilea. Lakini kaseti ilikuja na mkono mwepesi, na ule uamuzi wa mkataji kuhusu nafasi, mwendo na mpangilio ukapotea pamoja na kisu chake.

Kuitunza santuri huku kwetu kuna taratibu zake. Gramafoni lazima ikae sawasawa, kwa hiyo naiwekea pima maji ya mwashi, mara moja kwa urefu na mara moja kwa upana, na kuikazia miguu kwa vipande vya kadibodi. Isikae kwenye meza ile ile yenye spika. Nyumba iliyo kando ya barabara ya malori inataka rafu ya ukutani, kwa sababu mtikisiko unaopita sakafuni huifikia sindano inayokandamiza sahani kwa gramu mbili tu. Vumbi la kiangazi ndilo adui mkubwa, na Shinyanga tuna vumbi la kutosha nchi nzima. Natumia kitambaa laini cha pamba na maji safi ya kuongezea kwenye betri, yale yasiyo na chumvi, nikiangalia sana nisipewe asidi; nafuta kwa kuufuata mfuo, sivuki mfuo. Umeme ukiyumba mashine za zamani huyumba nao na sauti hupanda na kushuka, hivyo kidhibiti umeme si anasa. Mkanda wa mpira ukilegea, mafundi wetu wa redio wanaweza kuubadilisha, na wengi wao hufurahi wakiletewa kitu chenye mota na mkono badala ya simu nyingine iliyovunjika kioo. Nimemwona mmoja akiisogeza sahani kwa kidole na kuinama kuitazama almasi kwa kioo cha kukuzia, asiseme neno kwa muda mrefu.

Ninalolitaka sasa ni kuona ufundi huu ukirudi kwenye muziki wa upande huu wa nchi. Tepu za Radio Tanzania, ambazo leo ziko mikononi mwa TBC, zimehifadhi bendi za dansi za miongo mizima, na Tabora Jazz na Western Jazz wanastahili kilekile walichopata Sunburst mwaka 2016. Wapatikane wazee wachache waliokuwepo ukumbini wakae na mkataji mmoja mwenye subira. Dakika 18 kila upande zinatosha, ili besi isinyimwe ukanda wake. Nyimbo zenye chemko kali zikae nje, mwanzoni mwa upande, ambako mfuo una mwendo na matoazi yanapumua. Nyimbo za masimulizi ziende ndani, kuelekea karatasi ya katikati. Na zile nyimbo zilizokatwa vipande viwili kwa ajili ya santuri ndogo zichukuliwe kwenye tepu zikiwa nzima, kuanzia shairi la kwanza hadi gitaa la mwisho, bila mtu kuinuka kugeuza.